Mama Mkwe Kwenye Skrini

"Waya wa zambarau unaingia kwenye tundu la zambarau," Liz alisema, akisoma kijitabu.

"Huku hakuna tundu la zambarau," sauti ya mumewe ikajibu kutoka chini ya meza. "Kuna la kijani, na kuna la samawati lililopauka."

"Labda hilo lililopauka ndilo zambarau ya zamani."

"Labda. Tusiharakishe kulihukumu."

Zablon alikuwa amelala chali sakafuni, simu ikimmulikia kutoka kifuani, waya mmoja ukiwa kati ya meno. Shati alikuwa amelivua kwa sababu ya vumbi, akabaki na vesti yake ya kazini, yenye tundu kubwa kwapani. Alikuwa fundi wa mbao hapa Ntimaru, na mashine alikuwa akiiunganisha kwa namna alivyozoea kuunganisha kabati: kwanza vipande vyote vipangwe juu ya gunia, vifupi upande huu, virefu upande ule, na mtu asiguse kitu kabla hajajua kinakwenda wapi.

Kompyuta ilikuwa imefika jana yake kutoka Mbita, ndani ya katoni iliyofungwa kwa kamba za nyavu. Mtu mwingine angezikata kwa kisu. Zablon alizifungua fundo moja baada ya jingine, chai ikipoa pembeni. Ilikuwa zawadi ya Mama Nyamusi, mama mzazi wa Liz, anayeishi kisiwani Takawiri. Aliyeinunua na kuitengeneza ni Jacktone, kaka yake Liz, mwenye duka la saiba pale Mbita, ambako watu hulipia kutumia kompyuta na intaneti.

Nayo haikuwa zawadi ya mapambo. Liz alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu wa chekechea, masomo ya kufuata kwa kompyuta kutoka nyumbani. Darasa la kwanza lilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na leo ilikuwa Jumamosi. Chuo kilikuwa kimemwandikia bila kuzunguka: mwanafunzi ambaye sura yake haitaonekana kwenye darasa la kwanza atahesabiwa kuwa hakuja, na nafasi yake apewe mwingine anayesubiri. Liz alikuwa ameusoma ujumbe huo hadi Bhoke, binti yao wa miaka minne, akaukariri na kuuimba akicheza uani.

"Sasa washa," Zablon alisema.

Liz akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikanguruma kama kinu cha posho kinachosikika kutoka kijiji cha pili. Skrini ikawaka, ikazungusha vidoti vyake, ikafikiri. Zablon akajivuta kutoka chini ya meza, akapiga magoti, na kichwa chake kikachomoza juu ya ukingo wa meza taratibu.

Mama Nyamusi alikuwa akimtazama.

Alijaa skrini nzima, kutoka kona hadi kona. Alikuwa amefunga kile kilemba chake cha kanisani, akitazama mbele, midomo wazi kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali na karani na hakulipenda.

"Habari yako, mama," Zablon alisema, kabla akili haijafika. Kisha kichwa kikarudi chini ya meza kwa kasi, na mbao ikalia.

Liz alicheka mpaka akakaa juu ya katoni.

"Bado yuko?" Zablon aliuliza kutoka chini.

"Yuko."

"Anatazama wapi?"

"Anatazama kila mtu."

"Nipe shati langu."

Inafaa kueleza hapa kwamba watu wa Zablon ni Wakuria na watu wa Liz ni Wajaluo wa ziwani, na kwamba pande hizo mbili hazikubaliani kwenye mambo mengi. Hazikubaliani ugali uwe mgumu kiasi gani, wala matanga yachukue siku ngapi, ndiyo maana nyumbani humu huongea Kiswahili, ili asiwepo wa kushinda. Lakini kuhusu mwanamume na mama wa mkewe wanakubaliana kabisa. Hali chakula mbele yake. Hanyooshi miguu mbele yake. Hamtazami usoni, na wakikutana njiani, mmoja hupata ghafla sababu ya kupita upande wa pili. Kwa miaka yote ya ndoa Zablon alikuwa amemwona Mama Nyamusi kwa ubavu tu, mara nyingi akiwa ameinamisha kichwa. Leo ndipo alipojua kwamba mama mkwe wake ana mwanya.

Alitoka amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Ni picha tu, Baba Bhoke," Liz alisema.

"Najua ni picha. Picha ya nani?"

Liz tayari alikuwa amekaa kwenye kiti na kuisahau dunia. Alipiga jina lake kwenye kibodi, herufi moja moja, akalifuta, akalipiga tena kwa herufi kubwa. Aliifungua kamera akajiona. "Kwani pua yangu iko hivi?" aliuliza, akageuza kichwa kulia na kushoto. "Na huu mwanga wa dirisha unanifanya mweusi. Hapana, ni sawa, macho yanaonekana. Watanihesabu." Akatabasamu kwa kamera tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Zablon, aliyesimama mlangoni na mikono nyuma, aliona kwamba hajamwona akitabasamu hivyo tangu walipohamia nyumba hii, na akafurahi, kwa kadiri mtu anavyoweza kufurahi akiwa amesimama kama yuko kwa wakwe.

Shida ilianza wakati wa chakula.

Liz alileta ugali na omena, dagaa wa kwao ziwani, akaviweka kwenye meza ya sebuleni kama kila siku. Zablon alinawa. Alikaa. Alimega tonge, akalifinyanga, akaliinua, na macho yake, bila kukusudia, yakafika kwenye kona ya chumba. Tonge likarudi kwenye sahani.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeshiba kidogo."

"Hujala tangu asubuhi."

Bhoke alikuwa tayari ameenda kwenye kompyuta na omena mmoja kidoleni. "Dani, kula," alisema, akamweka mdomoni mwa skrini. Kwa upande wa mama yake, dani ndiye nyanya, na Bhoke hakuona lolote la ajabu katika nyanya aliyekuja bila miguu.

Zablon alichukua sahani yake akaenda kulia jikoni, ambako ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Alikula akiwa amekalia kigoda, jogoo akimsimamia karibu kama mtoza ushuru.

Aliporudi alikuwa na mpango. Alichukua kitambaa cha kusokotwa kilichofunika mgongo wa kochi, kile chenye maua makubwa, akakitandaza juu ya skrini, akanyoosha pembe zake vizuri. Akarudi nyuma aone. Katikati ya ua mmoja, kwenye tundu lililoachwa na sindano, lilikuwa jicho la kushoto la Mama Nyamusi.

"Sasa ndiyo mbaya zaidi," Liz alisema.

"Ni kweli," Zablon alikubali, akakitoa. "Tena nimefikiri. Mtu akiwa nyuma ya pazia, hajatoka chumbani."

Wakaijaribu njia ya tatu bila kuipanga. Walipokaa bila kuigusa mashine, skrini ilijizima yenyewe, ikawa nyeusi. Zablon aliitazama kwa muda. Huyu alikuwa ameenda kwake, hapo hapakuwa na ubishi. Alivuta pumzi, akafungua kifungo cha juu, akakaa kwenye kochi na kunyoosha miguu. Ndipo pikipiki ikapita barabarani ikiwa na mzigo wa mahindi, nyumba ikatetemeka, meza ikatetemeka, mausi ikasogea unywele mmoja, na Mama Nyamusi akarudi, mzima, akitazama soksi zake.

"Iondoe tu hiyo picha, weka ya maua," Liz alisema, sasa akimhurumia.

Wakajaribu. Liz alibonyeza kila mahali kijitabu kilipoagiza. Palipopaswa kubadilishwa picha, maneno yalikuwa ya kijivu na hayakubonyezeka, na chini yake mashine ilidai paswadi ya msimamizi. Msimamizi alikuwa Jacktone.

"Basi tuihamishe," Liz alisema. "Tuipeleke chumba cha kulala."

Zablon alimtazama mkewe muda mrefu.

"Nimesema vibaya," Liz alisema. "Sikufikiri."

Na hata bila hilo, isingewezekana. Ntimaru iko karibu sana na mpaka, na mtandao wa simu walioutegemea kwa intaneti ulikuwa na tabia ya kuvuka. Ukisogea upande wa chumba cha kulala, simu hupokea ujumbe wa kukukaribisha Tanzania, na intaneti hukatika hapo hapo. Asubuhi nzima Zablon alikuwa ametembea na simu kila pembe ya nyumba, akiweka alama kwa chaki. Pembe pekee iliyobaki Kenya bila kuyumba ilikuwa hii ya dirisha la mashariki, mbele kabisa ya makochi.

Walikuwa bado wameinama juu ya chaki hizo wakati Monari alipobisha hodi. Monari alikuwa jirani, Mkisii mtengeneza pikipiki, mtu wa maneno, na alikuja amebeba kiti chake mwenyewe.

"Fundi! Nimesikia mashine imefika. Nimekuja kupima pahali pa kukaa kesho, kabla watu hawajajaa." Kesho yake, Jumapili saa kumi, palikuwa na mechi, na Zablon, katika furaha ya kuiona katoni, alikuwa ametaja jambo hilo kwenye karakana. Monari akaingia, akaona skrini, akavua kofia. "Samahani, mama. Sikujua mna mgeni."

"Ni kompyuta," Liz alisema.

Monari alisogea, akachungulia nyuma ya skrini, akarudi mbele. "Huyu si mama yako? Aliyekuja siku ya harusi akakataa soda?"

"Ndiye."

"Na wewe, Fundi, ndiyo maana umefunga shati kama unaenda kortini." Monari akaanza kucheka taratibu, kama pikipiki inayokataa kushika, halafu akashika. "Yaani umefukuzwa sebuleni kwako na picha!"

"Hakuna aliyenifukuza. Nimetoka mwenyewe."

"Umekula wapi?"

"Hilo si swali."

"Jikoni! Wallahi nasema, umekula jikoni na kuku!" Monari si Mwislamu, lakini alikuwa ameuza spea kwa Abdirashid wa Migori mjini muda mrefu hata akabaki na viapo vyake. "Haidhuru. Mimi si mkwe wake. Kesho mimi nitakaa hapa ndani nitazame, wewe kaa nje, nitakuwa nakutangazia kwa dirisha."

"Unitangazie mechi nyumbani kwangu?"

"Bure kabisa. Lakini si mechi ikifunguliwa itamfunika? Ikijaa skrini, mama haonekani."

"Atakuwa nyuma ya pazia," Zablon alisema. "Nikiruka nikishangilia goli, ninaruka mbele ya nani?"

Monari alilifikiria jambo hilo kwa uzito uliostahili. "Ni kweli," alisema. "Na ile siku ya penalti ulilala chini ukapiga mateke."

Ikabaki njia moja. Liz alimpigia Jacktone, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Omera, shemeji!" Jacktone alipaza sauti, kelele za saiba zikiwa nyuma yake. "Imewaka? Inaenda mbio, si ndiyo?"

"Imewaka vizuri, shemeji. Kazi yako ni safi. Kuna jambo dogo tu. Kuhusu picha."

Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu anayeuma mdomo. "Picha gani?"

"Jacktone," Liz alisema, "usijifanye. Tupe paswadi."

"Paswadi ninayo, dada yangu. Ruhusa ndiyo sina. Mwenye picha ndiye mwenye ruhusa."

"Basi mwombe."

"Mwombeni wenyewe. Alivuka leo kuja soko la Mbita. Yuko hapa, amekalia kiti changu. Shikilia."

Zablon alisimama. Monari naye akasimama, bila kujua kwa nini. Kwenye skrini Mama Nyamusi alitazama, na kutoka kwenye simu sauti yake ikaja, ya chini na isiyo na haraka, kwa hiyo ikawa kama picha imeanza kusema. Zablon akageukia ukuta.

"Mkwe wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Habari za Takawiri?"

"Ni nzuri. Upepo ni mwingi. Ng'ombe wako?"

"Wapo. Mmoja alikuwa akiumwa mguu, amepona."

"Mvua?"

"Inajaribu, mama."

Walipitia mahindi, afya ya baba yake Zablon, na bei ya omena, maana hakuna njia ya mkato kwenye barabara hiyo. Jasho lilikuwa limeanza kushuka ndani ya kola.

"Mama," Zablon alisema hatimaye, "mzigo wako tumeupokea kwa mikono miwili. Tunashukuru sana. Na picha tumeiona. Ni nzuri. Ni kubwa."

"Unataka ndogo?"

"Hapana, mama! Sikusema hivyo. Nilikuwa nasema tu kwamba heshima yake ni kubwa. Ni kubwa kuliko chumba chenyewe. Sebule yetu ni ndogo, mama, na mtu wa heshima kama wewe, kukaa pembeni hapo, karibu na dirisha, upepo unapita..."

Monari aliingiza kofia mdomoni.

"Mkwe wangu," Mama Nyamusi alisema, "leo umekula wapi?"

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba.

"Jikoni, mama."

Wakasikia simu ikiwekwa chini kule Mbita, na mbali na simu, kicheko kirefu cha mwanamke mzee aliyejizuia wiki nzima. Jacktone alikuwa akicheka pia. Kisha simu ikainuliwa.

"Pole," alisema, na sauti ilikuwa ya heshima tena. "Nataka nikuambie kitu, na usikichukue vibaya. Baba yake Liz, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema. Mtu yeyote asikuambie vingine. Siku moja alininunulia redio. Kulikuwa na kipindi cha wanawake, cha kufundisha kushona na kuandika, saa tisa alasiri. Alisema, Nyamusi, hii ni yako. Nilisikiliza siku moja. Siku ya pili kulikuwa na mpira. Siku ya tatu walikuja marafiki zake kusikiliza habari, nikawapikia. Hakuninyang'anya, unaelewa? Hata kama ungemuuliza, angesema redio ni ya Nyamusi. Lakini mimi nilikuwa jikoni."

Liz alikuwa ameacha kucheka. Hakuwahi kuisikia hadithi hiyo.

"Kwa hiyo Jacktone aliponiuliza, mama, niweke picha ya nini, ya maua au ya ziwa? Nikafikiri. Nikasema, weka mimi."

Monari alikiinua kiti chake polepole, kama mtu anayetaka kuonekana kwamba alikuwa anakipitisha tu.

"Sikusemi, mkwe wangu. Wewe sijakuona ukikosea. Lakini mashine ikiwa sebuleni, na wewe una marafiki, na mpira hauishi duniani. Nimekosea?"

Zablon aliutazama ukuta. Angeweza kusema kwamba ilikuwa mechi moja tu. Aliipima sentensi hiyo kichwani, akaona kwamba ilikuwa fupi upande mmoja.

"Hujakosea, mama," alisema.

"Sasa kama imekuzuia kula, hiyo sikupanga. Mwanamume kula na kuku si heshima kwangu pia. Nimwambie Jacktone atoe?"

Hapo ndipo Liz alipomwangalia mumewe. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, kila kimoja kwenye herufi yake, kama alivyojifunza asubuhi.

Jibu lilikuwa rahisi. Angesema ndiyo, na mama angeruhusu, na jioni angekula kwenye kochi lake. Kesho saa kumi sebule ingejaa viti. Na Jumatatu saa mbili, baada ya wageni kupiga mateke kwenye nyaya, huenda kila kitu kingekuwa sawa. Huenda. Zablon hakupenda kujenga juu ya huenda.

"Usiitoe, mama," alisema. "Iache mpaka apate cheti."

"Na wewe utakula wapi mpaka apate cheti?"

"Nitakujengea chumba. Yaani, nitamjengea Liz. Nitakata ile pembe kwa ukuta wa mbao, wenye mlango. Ninyi mkae ndani, sisi tukae nje."

"Mbao unazo?"

"Ninazo za kabati la mtu. Nitamwambia asubiri."

"Yawa," Mama Nyamusi alisema, kwa mshangao, na kwa Kijaluo akamwambia mwanawe jambo ambalo Liz alikataa kulitafsiri, ingawa alilichekea peke yake hadi jioni. Kisha akaaga kwa utaratibu ule ule alioingia nao, akarudi nyuma kupitia mvua na ng'ombe.

Simu ilipokatika, Monari aliirudisha kofia kichwani. "Fundi. Umeuza mechi."

"Shika futi hapa."

"Watu nimewaambia waje."

"Waambie waje na misumari. Shika hapa, kwenye chaki. Si hapo, hapo ni Tanzania."

Walianza mara moja, kukiwa bado na mwanga. Zablon alipima kutoka dirisha hadi kwenye alama ya chaki, akapima tena, akapiga mstari. Kwa kuwa vipimo vilihitaji kuchukuliwa mbele ya skrini, aliingia pembeni kinyumenyume, akipima bila kugeuka, na Monari akasema hajawahi kuona mtu akijenga kwa mgongo. Liz aliomba aachiwe dirisha lote na nafasi ya kuweka vitabu. Bhoke alidai apewe tundu la kuchungulia, akaahidiwa dogo.

Nguzo nne za mbao zikasimama. Plaiwudi ikaanza kupanda. Kipande cha kwanza kilipogongomelewa, Zablon alienda kwenye kochi, akakaa, akainama mbele na nyuma, akachunguza. Akarudi akaongeza kipande kingine. Akakaa tena.

"Bado ananiona mguu wa kushoto," alisema.

"Kata mguu," Monari alimshauri.

Kipande cha tatu kiliumaliza ukuta, ikabaki nafasi ya mlango. Mbao ya mlango ilikuwepo, lakini ilipoegeshwa ilionekana kuwa fupi, mkono mzima wa mtoto ukapita chini yake, na Zablon hakuwa mtu wa kuning'iniza mlango mfupi akauita mlango. Ilihitaji kuunganishwa, gundi ikae usiku kucha.

Giza lilikuwa linaingia. Ndani ya kichumba Liz alikuwa amewasha kamera tena, na sauti yake ilipita kwenye plaiwudi, ikirudia jambo lile lile, kila mara kwa namna tofauti kidogo.

"Naitwa Elizabeth. Naomba kuuliza, mnaniona? Mwalimu, unaniona?"

"Tunakuona!" Bhoke alijibu kutoka chini ya meza.

Monari alikusanya misumari iliyopinda. "Na kesho?"

"Kanisa, halafu mlango."

"Saa ngapi?"

Zablon alipaka gundi kwenye ubavu wa mbao, akaiunganisha na kipande chake, akaibana kwa vishikizo viwili, akafuta kwa kidole gundi iliyotoka. "Saa kumi," alisema.

Monari alitazama chini, akatikisa kichwa, akaacha kiti chake kilipo. "Nitakuja nikushikie," alisema. "Lakini redio ya simu nitakuwa nayo sikioni. Ya kwangu. Upande mmoja tu."

Alipoondoka, Zablon aliulaza mlango juu ya vibao viwili sebuleni ili usipinde, akaweka bawaba zake ndani ya bakuli, na skrubu ndani ya bawaba. Chakula cha jioni kilikuwa tayari. Alichukua sahani yake, akasimama kidogo mbele ya nafasi ile iliyokuwa haijazibwa, akiinamisha kichwa, akapita haraka kuelekea jikoni.